Nampembe Yuko Nyumbani

Masasi, 11 Machi 1956

Mdogo wangu mpenzi Vitalis,

Pokea salamu zangu na za shemeji yako Cyril. Sisi huku hatujambo, isipokuwa Danieli anaota meno na kila akinyonya ananing'ata kana kwamba mimi ndiye niliyemwotesha. Ninyi je, huko Chilangala? Miguu ya Mama inaendeleaje? Bado anashuka bondeni kuchota maji mwenyewe? Mwambie nimesema aache ubishi, wasichana wapo.

Nisamehe kwa kutokuja kumaliza matanga ya Mjomba Nampembe. Mvua ilibomoa daraja, malori yakalala njiani, na mimi na mtoto mchanga mgongoni ningefika vipi? Nililia hapahapa jikoni, mpaka Cyril akauacha udongo wake wa kujengea akaja kuniuliza kama nimeungua.

Sasa nikuambie kilichonifanya niandike. Nimeingia katika chama. Usishtuke, si chama cha ngoma. Kinaitwa Chama cha Kutetea Haki, na kinakutana barazani kwa Husseni, yule fundi cherehani anayekuja huko kwenu na baiskeli kuuza nguo. Mwenyekiti wetu ni Mwalimu Filemoni, mzee aliyenifundisha kusoma. Hatulipwi hata senti. Tunakwenda vijijini kuwasikiliza watu walioumizwa kwenye kambi za barabara, wale waliokosa kodi wakapelekwa kuponda kokoto, kisha tunawasimamia wakaseme mbele ya serikali. Mimi nimepewa wanawake, kwa sababu mbele ya wanaume hawasemi. Cyril ananuna kwamba ugali unachelewa, lakini juzi nilimkuta anawasimulia majirani habari za chama kana kwamba alikianzisha yeye.

Mdogo wangu, nafasi imepatikana. Hakimu Mzungu atakuja kutoka Lindi mwezi wa sita kusikiliza mashauri ya kambi. Na tumesikia kwamba Ambrosi, nyapara aliyemuua mjomba wetu, atapewa kambi mpya ya barabara ya Chiungutwa, kubwa kuliko ile ya kwanza. Watu wa huko wameanza kulala porini. Wewe ulikuwa kambini na Mjomba. Ni wewe uliyeona Ambrosi alivyomfunga mikono kwenye mti akampiga mpaka akatapika damu, na ni wewe uliyembeba machela mpaka nyumbani, akafia mapajani mwa Mama. Njoo useme hayo. Ukisema, Ambrosi hatashika tena fimbo juu ya mtu. Usiposema, hatuna mwingine aliyeona.

Mpe Mama shikamoo yangu.

Dada yako,
Bibiana


Chilangala, 2 Aprili 1956

Mpwa wangu Bibiana,

Marahaba. Najua hukuniamkia, lakini naipokea hivyohivyo, maana hukuwepo na hukuambiwa.

Sisi hatujambo. Mama yako miguu inamsumbua asubuhi, jua likipanda anasahau. Mbaazi zimeshika vizuri. Mikorosho ya bondeni imeingiwa na magugu na mimi ndiye ninayeyapalilia.

Ulipokuwa umekwama huko Masasi, wazee walikaa siku ya kumaliza matanga wakasema jina la Nampembe haliwezi kuachwa chini. Wakanitazama mimi, mtoto wa dada yake. Jioni wakamwaga unga wa mtama kaburini, wakaurundika vizuri na kuufunika. Asubuhi tulipokwenda kuutazama ulikuwa umesimama vilevile, haukumomonyoka hata kidogo. Basi mwenyewe amekubali. Nikanyolewa, nikavikwa shuka lake, nikakalishwa kwenye kigoda chake. Mama yako akaja akapiga magoti mbele yangu akasema, "Shikamoo, kaka." Nikaitikia.

Tangu siku hiyo Vitalis hayupo hapa. Barua yako ilizunguka nyumba nne, kila mtu akisema si yake, mpaka ikafika kwangu nikaifungua kwa kuwa nilijua mwandiko. Mke wangu ananiita Nampembe. Watoto wanaomwita marehemu babu wananiita babu, na wengine wamenizidi umri. Mama yako hali kabla sijala, na jioni ananiletea maji ya kunawa, na ananieleza mambo ya utoto wao kana kwamba nilikuwepo. Siku nyingine naona nilikuwepo.

Kuhusu shauri lako, nitasema. Kwa nini nisiseme, nami ndiye waliyenifunga? Mgongo haujapona vizuri tangu waliponipiga. Nikiinama kupalilia nasikia ngozi inavuta, na asubuhi naamka vidole vimekufa ganzi kama bado ninaning'inia pale. Waje hao watu wako niwaambie walivyonifanya.

Mbusu Danieli.

Mjomba wako,
Nampembe


Masasi, 29 Aprili 1956

Mjomba Nampembe,

Shikamoo. Haya, nimeamkia, roho yako imetulia? Mimi niliyekubeba mgongoni, niliyekufuta kamasi, leo nakupigia magoti kwenye karatasi. Nilipoisoma barua yako nilicheka peke yangu barazani mpaka Husseni akasimamisha cherehani. Kisha nikafika kwenye habari za mgongo, kicheko kikakatika.

Najua mila yetu, sijawa Mzungu kwa kukaa Masasi. Najua anayepewa jina anakuwa mwenyewe, na anayesema mbele yake kwamba marehemu amekufa anakuwa amemtukana. Lakini naomba ruhusa yako, Mjomba, nimwambie mdogo wangu neno moja, kisha nitanyamaza. Vitalis, wewe hukupigwa. Huo mgongo wako ni mzima.

Basi, nimenyamaza. Mwalimu Filemoni na Husseni watakuja kwenu wiki ya pili ya Mei kuchukua maneno yako. Mpikie Mwalimu kitu laini, meno yake yamekwisha ingawa hapendi ijulikane.

Huku hatujambo. Danieli ameanza kusimama kwa kushikilia ukuta.

Mpwa wako, kama unavyotaka,
Bibiana


Chilangala, 20 Mei 1956

Mpwa wangu Bibiana,

Marahaba, marahaba. Hiyo ndiyo heshima, ingawa naona umeitia pilipili.

Wageni wako walifika salama. Mwalimu alikula ugali wa muhogo na kisamvu akasifu sana. Alikaa nami kutwa nzima. Nilimweleza nilivyochelewa kuamka kwa homa, Ambrosi alivyonivuta kwa mguu kutoka kwenye kibanda, nilivyofungwa, nilivyopigwa, nilivyoomba maji nikanyimwa, nilivyoletwa nyumbani kwa machela. Mwalimu aliandika kila neno kama nilivyolisema. Husseni alitoka nje mara mbili. Wazee waliokaa nasi walikuwa wakitikisa vichwa na kusema ndivyo, Nampembe, ndivyo. Mwisho Mwalimu alinisomea yote, nikaweka dole gumba kama boma linavyotaka, naye akanipa mkono kwa mikono miwili kama anavyopewa mtu mzima.

Masasi sitakuja. Mama yako amekataa. Anasema alishaniruhusu kwenda barabarani mara moja, na anajua nilivyorudi. Wamekubaliana kwamba Mzee Kurwa na wazee wenzake wanne watakwenda badala yangu, wawe mashahidi kwamba maneno ni yangu. Ni watu wa kweli, hawajui kusema uongo.

Mwili una nguvu, ila kamba sishiki tena. Mbuzi wetu sasa anafungwa na mke wangu.

Mjomba wako,
Nampembe


Masasi, 24 Juni 1956

Mjomba,

Shikamoo. Hatujambo kwa afya, lakini kwa mengine tumekwisha.

Shauri lilisikilizwa Alhamisi. Watu walijaa mpaka nje. Mimi nilishika karatasi yako kabla haijasomwa, nikaisoma yote nikalia, na wala sikuona kilichokuwa mbele ya macho yangu. Mwalimu hakukiona. Husseni hakukiona. Katika chama chetu chote, watu tunaojisifu kwamba tumesoma, hakuna aliyekiona, kwa sababu sisi sote ni wa huku na tuliona ndivyo inavyosemwa.

Mkalimani, mtu wa pwani, alimsomea hakimu. Hakimu akasikiliza, kisha akauliza nani aliyekufa. Mwalimu akajibu ni Nampembe. Akauliza nani aliyeweka dole hapa. Mwalimu akajibu ni Nampembe. Watu wa boma wakaanza kucheka. Ndipo akaitwa Mzee Kurwa, akaulizwa kama anamjua Nampembe wa Chilangala.

"Namjua," akasema. "Yuko nyumbani. Tumemwacha anapalilia mikorosho yake."

Wakaulizwa wale wazee wanne, mmoja mmoja, kila mmoja akasema vilevile. Walidhani wanakutetea. Wangesema nini, na jina umelishika wewe? Wangesimama mbele ya Wazungu wakuzike? Mimi nikapiga kelele kutoka nyuma kwamba mjomba amekufa, kwamba aliye nyumbani ni mdogo wangu amerithi jina. Nikaruhusiwa kueleza. Nilieleza vizuri sana. Mkalimani akanisikiliza mpaka mwisho, akageuka akamwambia hakimu maneno machache tu, na hakimu akaweka kalamu chini akatazama saa yake.

Ambrosi alitoka anacheka. Amepewa kambi ya Chiungutwa. Na Mwalimu Filemoni ameshtakiwa kwa kumsingizia mtumishi wa serikali kwamba ameua mtu aliye hai. Mzee wa watu, hana hata meno, atafungwa.

Hakimu atapita tena Newala tarehe kumi na nne Agosti, na hapo ndipo shauri la Mwalimu litakaposikilizwa. Amesema anamtaka huyo Nampembe mwenyewe asimame mbele yake ataje jina lake. Basi ni hivi, na siwezi kulisema kwa heshima zaidi. Uende Newala useme kwamba wewe ni Vitalis na kwamba Nampembe amekufa. Wewe ukishaliachia jina, midomo ya wazee itafunguka, watasema walivyomzika. Hakuna njia nyingine. Nimeitafuta mpaka kichwa kimeniuma.

Bibiana


Chilangala, 15 Julai 1956

Mpwa wangu,

Hujambo? Danieli hajambo? Hapa kuna afya, sijui kama kuna uzima.

Barua yako niliisoma shambani nikairudia nyumbani. Nilimweleza Mama yako nikidhani atalia. Hakulia. Aliendelea kuchambua choroko. Alipomaliza akaniambia, "Kaka, ukienda huko wakakuuliza jina ukataja jingine, mimi nitarudi nyumbani na nani?"

Unajua maana ya kulitupa jina mbele za watu, wewe si mgeni. Aliyekubali kukaa kwangu atatoka, na hatakuwa na pa kukaa. Unaniomba nimuue mara ya pili, na safari hii bila Ambrosi.

Kuna jambo jingine sijamwambia mtu. Nakumbuka kamba. Nakumbuka gome la ule mti lilivyokuwa linanikwaruza shavu, hata harufu yake. Lakini kuna saa nakumbuka pia nimesimama kando na kapu la kokoto kichwani, natazama. Siwezi kuwa nilikuwa kote kuwili. Nikiwa yule aliyefungwa, mwili unauma lakini moyo umetulia, watu wananiheshimu, Mama yako ananiletea maji. Nikiwa yule mwenye kapu, nasimama pale natazama na halitokei la kufanya, na fimbo haikomi. Kila siku anasimama mlangoni, yule mwenye kapu, anangoja nimkaribishe ndani. Mimi simtaki. Wewe ndiye unayemwita.

Mwonee huruma mjomba wako.

Nampembe


Masasi, 1 Agosti 1956

Sijui niweke salamu ya nani juu ya barua hii. Natumaini hamjambo nyote.

Nilimsomea Mwalimu Filemoni maneno yako, yale yanayosomeka mbele za watu. Amesema usilazimishwe. Amesema ameishi vya kutosha na jela nayo ni nyumba. Kisha akaniomba nimtafutie blanketi zito. Nimelitafuta, na nilipokuwa nalikunja nilikuchukia, ukweli nikuambie, halafu nikajichukia mimi.

Jana alikuja barazani mwanamke wa Chiungutwa, anaitwa Dorothy. Mume wake yuko kambini kwa Ambrosi. Hakutaka shauri, hakutaka hakimu. Alitaka tu mtu wa chama aende akamtazame mume wake kama bado anasimama, kwa sababu yeye akifika wanamfukuza. Nilikwenda naye. Tulimwona kwa mbali. Alikuwa anasimama. Dorothy akanishukuru kana kwamba nimefanya kitu.

Sikuombi tena. Tarehe unaijua. Mimi nitakuwepo Newala, nitakaa karibu na mlango, na ukija au usipokuja nitarudi nyumbani kupika.

Bibiana


Chilangala, 9 Septemba 1956

Dada yangu Bibiana,

Shikamoo.

Natumaini barua hii itakukuta umetoka Ndanda na Danieli amepona. Nilikutafuta mlangoni pale Newala sikukuona, mpaka Husseni akaniambia homa ya mtoto ilipanda mkampeleka hospitali. Amesema sasa ana nafuu. Nimefurahi sana. Shemeji naye hajambo?

Kwa kuwa hukuwepo, nikueleze. Nilitoka nyumbani alfajiri bila kuaga. Nilikuwa nimefika sokoni nikageuka nikamwona Mama nyuma yangu, anakuja na fimbo yake, kaniki kichwani. Hakunizuia. Tuliingia bomani hivyo, mimi mbele yeye nyuma, akakaa chini kwenye sakafu pamoja na wanawake.

Mwalimu alikuwa amesimama na blanketi lako begani. Hakunitazama, nadhani kwa huruma. Ambrosi alikuwepo na kofia yake mpya. Mkalimani akaniuliza jina. Nilijua nikimtazama Mama sitasema, basi nikatazama mikono ya Ambrosi.

Nikasema, "Naitwa Vitalis. Nampembe alikuwa mjomba wangu. Nilikuwa nimesimama pale na kapu la kokoto wakati anapigwa. Amekufa."

Mama akapiga yowe. Si yowe la kukumbuka, Dada. Lilikuwa lilelile la siku ile tuliyomleta kwa machela. Hakimu aliagiza atolewe nje, na mkalimani akasema huyo ni mwendawazimu. Ndipo Mzee Kurwa akasimama bila kuitwa, akasema huyo ni dada wa marehemu, mwacheni alie. Baada yake wazee wote wakasema. Wakasema mgongo ulivyokuwa, nani aliuosha mwili, kaburi liko wapi. Ilichukua mpaka mchana. Ambrosi aliondoka kwa gari la polisi kwenda Lindi, amekalishwa nyuma. Mwalimu aliambiwa aende nyumbani. Watu walinibeba juujuu kwa furaha, nikawaomba wanishushe.

Chama chako kimeshinda, na nasikia kambi ya Chiungutwa imefungwa. Ulifanya haki kuniambia. Nakuandikia hilo kwanza ili ujue kwamba sikulaumu.

Mama alipofika nyumbani alitandika mikeka uani akaanza matanga upya. Majirani hawakujua wafanye nini kwa mtu aliyekwisha kuliliwa, lakini wakaja, wakalia naye. Wazee wamejaribu kumpa jina yule binamu yetu wa Kitangari. Wamemwaga unga, asubuhi umekutwa umemomonyoka. Wamejaribu mwingine, vilevile. Wamesema tungoje, amekasirika. Watu wanaopita bondeni wanasema wanasikia jembe kwenye mikorosho yake na wakienda hawaoni mtu. Mimi nakwenda kila siku na sisikii kitu. Hiyo ndiyo inayoniumiza, kwamba kwangu hasemi tena. Mgongo wangu umepona kabisa. Najipapasa, hakuna hata alama. Nafunga mbuzi mwenyewe.

Mama hakuwa amenisemesha tangu Newala. Jana mchana nilikuwa namenya muhogo, akatoka ndani akasimama akanitazama sana, kama mtu anayejaribu kumkumbuka mgeni.

"Vitalis, mwanangu," akasema. "Umerudi."

Nikamwambia nimerudi, Mama, shikamoo. Akaitikia. Akauliza kama nimekula, akaniletea ugali na mboga, akakaa karibu nami kwenye mkeka akanitazama nikila. Alikuwa na furaha, Dada. Alinishika kichwa kama zamani. Kisha akatazama njia nyuma yangu, akangoja kidogo, akaniuliza, "Na mjomba wako, umemwacha wapi?"

Niliacha chakula, na tangu jana nakaa huku shambani nikikuandikia. Kutoka huku namwona bado yuko uani anatazama njia. Dada, nimwambie nini?

Mdogo wako,
Vitalis